Meza ya Mama, Meza ya Mkwe

Mimi si mtu wa kubembeleza jambo. Wateja wangu wa saluni pale Gatina, Kawangware, wanajua: ukikalia kiti changu ukiwa hujui unataka mtindo gani, utaondoka na ule ninaoutaka mimi, na utanishukuru. Kwa hivyo mama aliponiambia kwamba hatakuja kukaa kwangu baada ya kupasuliwa goti, sikulia na sikubishana. Nilimuaga, nikapanda mteremko wake, na kabla sijafika barabarani nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Mama anaishi Gatwekera, Kibera, katika chumba kile kile nilichokulia. Ili kufika mlangoni kwake unashuka njia ya udongo, unavuka mtaro juu ya ubao, unapinda kati ya kuta za mabati, halafu unainama. Mtu mwenye magoti mazima akivuka ubao ule wakati wa mvua husali kidogo. Mama alikuwa akiuvuka na goti lililokwisha kabisa, ameshika ukuta wa jirani, na mvua za mwaka huo zilimwangusha mtaroni akakaa humo mpaka wapita njia wakamwinua. Aliniambia habari hiyo baada ya wiki nzima, tena akicheka.

Daktari alisema goti linatengenezeka na nafasi ipo. Lakini alisema pia kwamba hatampasua mtu anayerudi kwenye ubao. Mama atafute mahali tambarare pa kukaa mpaka apone, la sivyo nafasi apewe mwingine, maana foleni ni ndefu.

Sasa, mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nyumba yangu iko chini, ua umepigwa saruji, bomba la maji liko hatua chache kutoka mlangoni. Ungedhani mambo yameisha. Shida ni kwamba nyumba hiyo, ingawa ni ya kupanga, ni ya mume wangu, na kwetu Waluhya mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake. Hampi mkono. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, na macho huangalia chini. Mtu wa nje anaweza kudhani wamekosana. Wala! Paa la mama likivuja, mume wangu, ambaye ni fundi wa mawe lakini hashindwi na mabati, hungoja Jumapili mama akiwa kanisani, akaenda akaziba na kuondoka. Mama naye, akijua siku hiyo, huacha chakula kimefunikwa mezani. Akirudi akakuta sahani imeoshwa, husema, "Malaika amepita." Wanapendana hao wawili, ila kila mmoja yuko upande wake wa mlango.

"Nilale kwa mkwe anisikie nikikoroma?" mama aliniambia siku ile. "Heri goti lioze. Nimelizoea."

Nilimwambia siku hizi watu wanaishi Nairobi, si kijijini. Alinitazama kwa huruma.

"Heshima si utumwa," akasema. "Na haikatiwi tikiti ya basi iachwe kijijini."

Ukweli ni kwamba niliogopa. Kwa kawaida mimi nikiogopa huwa na hasira, na siku zile niliwakaripia wasichana wa saluni kwa kila kitu, hata kwa taulo zilizokunjwa vizuri. Nilikuwa nikimwona mama akikataa upasuaji, akirudi kwenye ubao wake, na mvua nyingine inakuja.

Ndipo alipokuja mteja wangu mmoja, meneja wa mkahawa wa Kihispania ndani ya jumba moja kubwa la maduka. Nilikuwa nimemsuka kwa ajili ya harusi ya dada yake, na watu walikuwa wamemsifu mpaka akarudi kunishukuru. Akasema nilete familia yangu kwake siku yoyote, tule, atatukaribisha yeye. Nikamuuliza Wahispania wanakula nini.

"Kwetu hakuna sahani ya mtu," akaeleza. "Tunaleta visahani vidogo vidogo, tunaviweka katikati ya meza, kila mtu anadokoa anachotaka. Watu wote wanakula kutoka mahali pamoja."

Niliacha kitana kikining'inia kwenye nywele zake. Nilikuwa nimepata dawa. Jumba la maduka si nyumba ya mume wangu na si nyumba ya mama. Hakuna jirani, hakuna shangazi, hakuna mtu wa kanisa. Ningewaketisha hao wawili meza moja, sahani katikati, wadokoe. Wakishakula sahani moja, aibu itakuwa imekwisha, na mama hatakuwa na sababu ya kukataa kitanda changu. Niliona jambo hilo limenyooka kama mstari wa nywele uliochorwa na mimi mwenyewe.

Sikumwambia yeyote, ila mume wangu alijua kwamba napanga. Mama nilimwambia ni chakula cha akina mama watupu, yeye, mimi na binti yangu, kwa sababu mume wangu yuko mjengoni Rongai. Mume wangu nilimwambia mama anaumwa na goti amebaki kitandani, hivyo yeye aje atukute huko akitoka kazini. Nilidanganya pande zote mbili bila kupepesa macho. Nilijiambia ni uongo wa kujenga.

Mama alivaa gauni lake la kwaya na leso kichwani, akashika fimbo. Ngazi za umeme alizitazama mara moja akasema yeye hapandi kitu kinachokimbia miguu, tukapanda lifti. Mkahawa ulikuwa juu, wazi upande mmoja, na vyungu vikubwa vya maua kati ya meza. Meneja alitupokea kwa kunikumbatia, akatukabidhi kwa mhudumu mwanamke wa rika langu, ambaye nilipomsikia akisema "karipu" badala ya karibu nikajua kwao si mbali na kwetu. Tulipewa meza ya watu wanne. Mama alikitazama kiti kitupu, lakini hakuuliza.

Visahani vikaanza kuja. Cha kwanza kilikuwa na zeituni, yale matunda ya kijani yaliyolala kwenye mafuta. Binti yangu alitupa moja mdomoni, uso ukakunjamana.

"Mum, hii zambarau imeharibika!"

"Haijaharibika," nikasema, ingawa sikuwa na hakika. "Ni ya Wahispania."

Kikaja kipande cha mayai na viazi, kinene, kimekatwa pembe tatu. Mama alionja, akafunga macho, akatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha.

"Hii ni chips mayai," akasema. "Ya jana. Lakini nzuri."

Kikaja mkate uliopakwa nyanya na kitunguu saumu. Zikaja nyama za kuviringa kwenye mchuzi. Vyote vikawekwa katikati, na vyote vilikuwa vidogo, mpaka mama akamwita mhudumu karibu na kumuuliza kwa sauti ya chini, asituaibishe, kama hivi ni vya kuonja tu na chakula chenyewe kiko njiani.

"Ndio chakula, mama," mhudumu akajibu. "Lakini vinakuja vingi. Usiogope, utashiba."

"Na ugali?"

"Hao watu hawana ugali, mama."

"Pole yao," mama akasema, na alimaanisha.

Halafu wakaja kamba, wale wa baharini, wekundu, wazima na vichwa vyao, wakichemka kwenye mafuta ya saumu. Mama alivuta kiti nyuma.

"Hii mdudu bado iko na macho."

"Kukhu, onja tu," binti yangu akamwambia bibi yake. "Ni kama omena imeenda gym."

Mama alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Akachukua kamba mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza huku na huku akitafuta pa kuanzia. Nilimtazama nikafurahi kweli. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona amekaa mahali bila kusikiliza goti lake. Nikajisifu moyoni. Na hapo ndipo nilipomwona mume wangu akija kati ya meza, ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi, ananitafuta kwa macho.

Aliniona mimi kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona mama.

Sijapata kuona mtu mzima akisimama ghafla namna ile. Aligeuza uso ukutani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Habari yenu, mama." Mama alikuwa na kamba mdomoni, mkia umetokeza nje. Alivuta leso mpaka usoni, akageuka na kiti chake chote, akajibu, "Njema, baba," akiwa ametazama jiko. Nilipogeuka tena, mume wangu alikuwa ameshafika kwenye ngazi za umeme.

Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Mimi nilikuwa nimeyakamia mpaka nikaupiga teke mtungi.

Nilimkimbilia. Nilimkuta amesimama mbele ya duka la viatu, jasho linamtoka.

"Uliniambia mama yuko kitandani," akasema.

"Nilitaka mkae pamoja. Mle sahani moja, hii maneno iishe."

"Unataka mama afe na aibu? Nimempata anakula! Na mdomo iko wazi!"

"Sasa wewe unataka avunjike shingo kwa mtaro?"

Nilipayuka, watu wakageuka. Mume wangu si mtu wa kelele. Alingoja nimalize, akanipa leso yake ya mfukoni, akaniuliza kama mama ameshashiba. Nikasema bado. Akauliza kama kuna meza nyingine. Akasema hawezi kuondoka kama mtu aliyefukuzwa, maana hiyo nayo ingekuwa kumtukana mama, na hawezi kukaa pale kama mtu asiye na wazazi.

Tuliporudi, yule mhudumu alikuwa amesimama katikati ya njia na visahani viwili. Alimtazama mume wangu aliyekuwa akitembea akiangalia sakafu, akamtazama mama aliyekuwa akitazama jiko.

"Ni mkwe?" akaniuliza.

"Ni mkwe."

Hakuuliza zaidi. Aliweka visahani chini, akashika chungu kimoja cha maua, akakiburuta mpaka nyuma ya kiti cha mama, kisha akavuta meza ndogo upande wa pili wa maua. Mume wangu akaketi pale, mgongo wake ukielekea mgongo wa mama, majani katikati. Mama akashusha leso. Akamalizia kamba wake, akachukua wa pili. Dakika chache zilizopita walikuwa kama watu waliovamiwa. Sasa kila mmoja alikuwa ametulia mahali pake, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina pa kukaa.

Maana mhudumu alikuwa akileta kila kitu kisahani kimoja kimoja. Ilibidi mtu avigawe. Basi mimi niliyekuja kujiketisha kama malkia nikageuka mpishi wa harusi: nachota kwa mama, napeleka kwa mume, narudi. Binti yangu alikuwa ameshafika kwenye aiskrimu na hakuwa na habari na mtu. Ndani yangu nilikuwa nachemka. Chakula chote cha Uhispania kilikuwa kimeletwa ili watu wale pamoja, na mimi nilikuwa nimekigawa kwa meza mbili kama msaada wa chifu.

Akaja kuku. Vipande vichache, vimekaangwa na saumu, ngozi imekauka vizuri. Mama alimtazama kuku yule kwa heshima ambayo hakuwa ameionyesha kwa kitu kingine chochote pale. Nikamwekea paja. Akalitazama, akalirudisha kwenye kisahani, akanisukumia kisahani chote.

"Pelekea mwenye nyumba yako," akasema. "Mwanaume ametoka kazi, hawezi shiba zambarau."

Nilipeleka. Mume wangu alikitazama kile kisahani. Akakata mnofu wa paja kwa uma, akala, akapangusa mdomo.

"Ambia mama asante," akasema. "Na umwambie chumba kiko tayari."

"Chumba gani?" nikauliza.

"Si wewe. Ambia mama."

Mama alikuwa amesikia, bila shaka; kati yao palikuwa na majani tu. Lakini hakugeuka. Alingoja nizunguke chungu, nije mbele yake, nimwambie. Na mimi, mwenye saluni, mwenye mipango, nikazunguka chungu.

"Mama, anasema chumba kiko tayari."

"Muulize ni chumba gani."

Nikazunguka. Ikatokea kwamba kwa siku kadhaa mume wangu alikuwa akizungumza na mwenye ploti yetu, mzee aliyekaa mtaa ule tangu ulipokuwa mashamba ya mboga. Pembeni ya nyumba yetu kuna stoo ambamo mzee alikuwa akiweka mbao. Mume wangu alikuwa amemwomba, mzee alikuwa amekubali asubuhi ile, na yule mtu aliyeniaga kwamba anaenda Rongai alikuwa ameshinda Kawangware akivunja na kujenga hatua chache kutoka mahali ninapolala.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Wewe ulisema unapanga," akajibu. "Nikakuacha upange."

Nilitaka kukasirika lakini mama alikuwa akigonga fimbo chini, anataka jibu. Nikampelekea.

"Muulize mlango inaangalia wapi."

Hili lilikuwa swali zito. Milango ikitazamana, mama atamwona mkwe akitoka asubuhi na taulo, na mkwe atamwona mama akimwaga maji.

"Ambia mama ule mlango wa kwanza nimeuziba na mawe," akasema mume wangu. "Nimefungua mwingine, unaangalia barabara. Sisi tunatokea ndani, yeye anatokea nje. Si nyumba yangu. Ni nyumba yake, imekutana tu na yangu ukutani."

Nikapeleka. Mama akatafuna polepole.

"Ukuta ni ya mabati?"

"Ya mawe," mume wangu akasema kabla sijazunguka, kisha akakumbuka, akangoja nifike, akarudia. "Ambia mama ni ya mawe. Hakuna kitu kitasikika."

"Na bafu?"

"Kuna ile ya kando ya geti. Nimeongea na wapangaji. Ni yake pekee yake."

Yule mhudumu alikuwa amekuja kutoa vyombo na hakuwa ametoa hata kimoja. Miguu ilikuwa ikiniuma kwa kuzunguka chungu kile, na hasira yangu yote ilikuwa imeisha bila mimi kujua ilikwenda wapi. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kutafuta namna ya kuwabandua hawa wawili kutoka kwenye desturi yao. Kumbe mmoja wao alikuwa akijenga ndani yake, jiwe kwa jiwe. Nilimwonea fahari mume wangu pale, fahari ya kutaka kuwaita watu wa meza nyingine waje wamwone.

Nilidhani tumemaliza. Mama alikuwa amekunja kitambaa cha karatasi, amekiweka kando ya sahani, kama afanyavyo akimaliza kula kwa watu. Lakini hakusimama. Alikuwa akitazama goti lake.

"Muulize," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Muulize, na nikianguka usiku?"

"Mama, mimi nitakuwepo," nikasema haraka.

"Wewe ukiwa na harusi unalala kwa mabibi harusi. Kila wikendi. Huyu mtoto hawezi kuniinua." Akanyoosha kidole kwa binti yangu, kisha akakirudisha. "Muulize."

Nikaelewa kwamba hili ndilo swali lililokuwa likimkalia tangu mwanzo. Kukoroma kulikuwa mzaha. Alikuwa ameshalala mtaroni akingoja mtu, na alijua kukaa huko kulivyo. Na alijua pia kwamba usiku kama huo, ng'ambo ya ukuta wa mawe, mtu mzima pekee angekuwa ni yule asiyeruhusiwa kumshika hata mkono wa salamu. Kwetu mkwe akimgusa mama mkwe wake ni aibu kubwa kwa wote wawili, hata ikiwa kwa bahati mbaya, na haiondoki mpaka mnyama achinjwe mbele ya wazee.

Nilizunguka chungu. Mume wangu alikuwa amesikia. Alikuwa ameweka uma chini na mikono yake miwili juu ya meza, ile mikono yenye nyufa za saruji ambazo hazitoki kwa sabuni. Nikaanza kutafuta jibu la kumsaidia.

"Ambia mama nitamwinua," akasema.

Sikuondoka. Akaendelea, macho yake kwenye sahani.

"Siwezi kungoja wewe urudi. Na siwezi kuita jirani akuje kumbeba mama yangu kama gunia. Nitamwinua mimi mwenyewe, nimweke kitandani, nitafute gari kama ameumia. Hiyo ingine ni ya asubuhi. Asubuhi nitatafuta kuku, niite wazee, tuondoe aibu."

Nilirudi kwa mama. Nilikusudia kumpa ujumbe kama nilivyompa ule mwingine wote. Badala yake nikasimama mbele yake, machozi yananitoka katikati ya jumba la maduka, watu wanapita na mifuko yao, na sikujali hata kidogo. Mama hakuhitaji niseme. Alikuwa ameinua pindo la leso na kujipangusa jicho moja, kisha la pili, taratibu, bila kujificha. Akatengeneza leso kichwani. Akashika fimbo. Na alipozungumza alitumia ile sauti yake ya sokoni, ile niliyokua nikiisikia akinunua mboga.

"Kuku?" akasema. "Ambia huyo mtu mimi si wa kuku. Alete kondoo. Na asingoje nianguke."